Wiki ya Arobaini: Kumkusanya Bibi, Pwani ya Mtang'ata

Jumatatu. Dar es Salaam hadi Tanga

Basi la alfajiri kutoka Mbezi hufika Kange, stendi kuu ya Tanga, mchana. Ni kilomita kama 350 kwa kupitia Chalinze, Segera, Hale na Muheza. Kuanzia Segera mkonge huanza kuonekana pande zote mbili za barabara. Zao hilo liliingizwa Tanga mwaka 1893, na mume wa Bibi alilikata kwa miaka mingi katika mashamba ya jirani na kijiji, akirudi nyumbani Jumamosi jioni na posho yake.

Hitma ya arobaini itasomwa Jumamosi. Kwa desturi wanaotoka mjini huingia Ijumaa usiku, wakala pilau, wakaitikia dua, na Jumapili wakapanda basi. Matokeo yake ni kwamba wanakutana na wazee wote waliomjua marehemu, na hawaongei na hata mmoja, maana kila mtu ana sufuria au mgeni mkononi. Bibi aliishi kijiji kimoja cha wavuvi kati ya Tongoni na Kigombe, pwani ya Mtang'ata, kusini ya Tanga mjini, tangu kuzaliwa mpaka kuzikwa. Hakuacha barua, na picha zake hazijai kiganja. Maisha yake yamo katika kazi za mikono yake na katika vinywa vya watu ambao wengi wao wamevuka miaka themanini, nao wiki hii watakuwa pamoja. Wakishatawanyika, kuwapata tena ni kazi ya mwaka mzima, na wengine hawatakuwepo. Ndiyo maana msafara umetangulia.

Vilivyobebwa: kaunta buku mbili, kalamu za wino mweusi, simu mbili zenye nafasi ya kutosha, pawabenki, na kadi ya kumbukumbu ya akiba. Kwa wazee: kahawa, sukari, tambuu na ugoro. Mzee haendewi mikono mitupu.

Jumanne. Mgandini, kisha kijijini

Soko la Mgandini ni bora lifikiwe mapema, kabla viungo havijachanganywa na vya jana. Hesabu ya waalikwa ni 150, na kwa shughuli ya pwani kilo moja ya mchele hulisha watu sita. Kwa hiyo: mchele kilo 25, viazi kilo 10, vitunguu maji kilo 8, vitunguu saumu kilo moja, tangawizi mbichi kilo moja, bizari nyembamba nusu kilo, iliki, mdalasini na pilipili manga gramu 100 kila kimoja, karafuu gramu 50, mafuta lita 5. Nyama, kilo 18, haikununuliwa mjini. Ng'ombe wa kijijini huchinjwa Ijumaa jioni na nyama ikalala kwenye chumvi na tangawizi. Bizari inunuliwe nzima na itwangwe siku ya kupika. Ile ya unga huwa imepoteza harufu, na mpishi akiongeza ili ifidie, pilau inakuwa chungu.

Barabara ya kusini hupita Machui, kisha Tongoni, kama kilomita 17 kutoka mjini, penye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya karne nyingi zilizopita. Ni pwani hii ambayo Vasco da Gama alichoma jahazi lake moja, São Rafael, mwaka 1499, kwa kukosa mabaharia wa kuliendesha. Habari hiyo imo katika vitabu duniani kote. Wanawake waliosuka mikeka mita mia chache kutoka hapo hawamo popote.

Kuingia kijijini kuna mpangilio wake. Kwanza nyumba ya marehemu, kuwapa mkono wafiwa hata kama ni jamaa zako wa damu. Pili kaburini, kwa dua fupi. Tatu mwenyekiti wa kitongoji, na nne imamu. Ukimruka mwenyekiti hakuna atakayekugombeza, lakini watu watajibu maswali yako kwa "ndiyo" na "hapana" tu, hadi waambiwe kwamba kalamu yako inaandika nini na kwa ajili ya nani. Kwa imamu likathibitishwa pia jambo la msingi: wako masheikh wasioafiki shughuli ya arobaini, na katika ukoo huu wenyewe wapo wanaofuata rai hiyo. Wakakubaliana kwamba kitakachofanyika ni kisomo, dua na kulisha watu, bila kuweka sharti la siku. Waliokuwa na shaka wakaja kula na kuomba pamoja na wengine.

Jumatano. Wazee

Hii ndiyo siku yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayoharibika kwa urahisi.

Mzee mmoja kwa wakati mmoja, asubuhi baada ya chai, kivulini, na muulizaji awe mmoja. Wakikaa wawili, mwenye sauti kubwa humfunika mwenzake, na mara nyingi anayejua zaidi ndiye mpole. Simu iwekwe juu ya kitambaa kilichokunjwa, shubiri mbili kutoka kwa msemaji, mtandao ukiwa umezimwa ili isiite katikati ya neno. Upepo wa kusi huvuma kwa nguvu kuanzia saa nne, na kipaza sauti kikielekea baharini utarekodi upepo mtupu. Msemaji na aukalie mgongo. Sauti ya kwanza kwenye kila rekodi iwe ya anayerekodi, akitaja tarehe, mahali, jina la mzee na uhusiano wake na marehemu. Faili hupotea jina, lakini sauti iliyo ndani ya rekodi haipotei.

Usianze kwa kuuliza Bibi alizaliwa lini. Utajibiwa "zamani hizo" na mlango umefungwa. Mpe mzee kitu cha Bibi akishike: mbuzi yake ya kukunia nazi, kifumbu, au shazia aliyoshonea mikeka, ambayo tundu lake limelika upande mmoja kwa miaka ya kuvutwa uzi. Shoga wa Bibi, waliyechezwa pamoja unyago, alipoamkiwa alijibu "Marahaba, wajukuu zangu," akaipokea shazia, akaigeuza mara mbili na bila kuulizwa akaeleza ilinunuliwa kwa nani, siku ipi ya gulio, na ugomvi uliotokea siku hiyo. Mazungumzo yakaenda mpaka adhuhuri.

Umri hupatikana kwa kuunganisha matukio. Kila mzee ana vigingi vyake: Uhuru wa Desemba 1961, Mapinduzi ya Unguja na Muungano wa 1964, pesa mpya za Tanzania mwaka 1966, Azimio la 1967, kisomo cha watu wazima kilichopamba moto baada ya 1970, kuhamia vijijini katikati ya miaka ya sabini, vita vya Kagera 1978 na 1979, uhaba wa sabuni na nguo wa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Siku ya Uhuru Bibi alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu. Hilo walilisema watu wanne kwa nyakati tofauti. Watoto wake walipishana miaka miwili hadi mitatu. Basi wa kwanza ni wa 1956 hivi, ndoa ni 1954 au mwaka mmoja nyuma, na kwa kuwa aliolewa mara tu baada ya kuvunja ungo na kutoka ndani, kuzaliwa kwake ni kati ya 1936 na 1938.

Kadi ya mpiga kura inasema 1930. Miaka ya duara ya namna hiyo hukisiwa mezani, si ya kuitegemea. Kaka yake naye alishikilia kwamba Bibi alikuwa ametimiza 90 kamili, na wajukuu wakataka kumbishia. Hakukosea. Yeye huhesabu kwa Mifungo, na mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11. Miaka 90 ya hesabu yake ni 87 na ushei ya kalenda ya ukutani. Ukiigeuza, inaangukia palepale penye hesabu ya watoto. Kabla ya kumsahihisha mzee, uliza anahesabu kwa mwezi gani.

Kuna yasiyorekodiwa. Bibi alikuwa kungwi, na nyimbo za ndani za unyago hazitoki nje ya waliochezwa. Shoga yake aliomba simu izimwe, ikazimwa, na katika daftari pameandikwa tu kwamba alikuwa kungwi, alifundishwa na nani, na amewafundisha kina nani. Hayo matatu yanatosha kumweka mahali pake.

Maneno yaandikwe kama yalivyotamkwa. Lafudhi ya Mtang'ata ikinyooshwa ifanane na ya redioni, anayesoma baadaye hatamsikia Bibi.

Alhamisi. Pwani, na ukili uliobaki

Mwezi ulikuwa umepita ukamilifu kwa siku moja au mbili, kwa hiyo ni bamvuo, siku za maji kujaa na kupwa kwa wingi, na maji yalikupwa kabisa karibu saa tano asubuhi. Pwani hii bamvuo la mwezi mpevu hukauka kuanzia saa nne, na kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika kama 50. Bibi hakuwa na saa. Alijua siku ya kutanda uduvi na siku ya kwenda mwambani kutafuta pweza kwa kutazama mwezi usiku uliopita. Ukitaka kujua alipopita, enda na wanawake waliokuwa wakienda naye, wakati huohuo wa maji, wala usiridhike na kuelekezwa kwa kidole kutoka ufukweni. Kila shimo la pweza lina mwenyewe kwa mazoea, na ya Bibi yalitajwa moja moja na kutiwa kwenye mchoro. Viatu vya soli ngumu ni lazima, na kurudi kuanze maji yanapogeuka, kwa sababu hujaza kwanza mifereji ya nyuma yako.

Mchana ukawa wa ukili. Ndani ya chumba chake, juu ya boriti, lilikuwapo bunda la ukili, yaani utepe uliosukwa ambao hushonwa kuwa mkeka. Haujaisha, rangi mbili, nyeupe na zambarau.

Namna alivyofanya kazi imeandikwa hatua kwa hatua, kwa maelezo ya waliosuka naye. Kuti changa la mkindu hukatwa kabla halijafunguka, moja kwa mti, usije ukafa. Huanikwa juani siku tano hadi saba na kuingizwa ndani kila magharibi. Likinyeshewa au likipigwa na umande hutoa madoa meusi yasiyofunikwa na rangi yoyote. Huchanwa kwa ncha ya kisu kupata chane za upana mmoja. Za rangi hulowekwa usiku mzima, kisha huchemshwa kwa karibu saa moja pamoja na rangi na chumvi, na kukaushwa kivulini, maana jua huila rangi ingali mbichi. Zamani nyekundu ilitoka kwa mzingefuri, ya njano kwa manjano, nyeusi kwa mdaa, na ya kahawia kwa ganda la mkoko.

Kusuka hutaka chane mbichi kidogo, kwa hiyo Bibi alinyunyiza maji na kusuka asubuhi au usiku. Kushona ni kinyume chake: ukili uwe mkavu kabisa. Ukishonwa na unyevu, ukikauka husinyaa na mkeka unaacha nyufa kati ya mstari na mstari. Hili ndilo kosa la mikeka mingi inayouzwa kwa haraka wakati wa Ramadhani.

Ukili wa kwenye boriti una upana wa sentimita 7. Mkeka wa mita 2 kwa mita 1.25 hutumia karibu mita 36 za ukili wa aina hiyo. Kwa mtu mrefu ni pima 20, pima moja ikiwa upana wa mikono iliyonyooshwa. Kwa Bibi, aliyekuwa mfupi na pima lake likiwa mita moja na nusu, ni pima 24. Zilizokuwepo ni 15. Vifundo vidogo vya uzi mwekundu vimefungwa ukingoni, kimoja kila pima lilipokamilika, na baada ya kifundo cha mwisho pana kipande cha urefu wa dhiraa na chane zimeachwa wazi, zimefungwa pamoja kwa utambi wa kanga zisifumuke. Alifunga kazi vizuri kama mtu anayetarajia kurudi baada ya swala.

Ijumaa. Madeni, sanduku, kaburi

Shoga yake alifahamu mkeka ule ni wa nani: mwanamke wa kijiji cha pili alikwisha kuulipia nusu. Basi ule ukili ni deni, na deni la marehemu hutangulia kila kitu, kabla ya urithi na kabla ya kumbukumbu. Vivyo hivyo upatu. Bibi alikuwa amepokea zamu yake na michango minne bado haijalipwa. Watoto wake wakaitoa palepale mbele ya mshika fedha. Mkeka akakabidhiwa shoga aumalizie. Ugumu wake ni mkono: kila msusi hukaza kwa namna yake, na ukili ukipanuka hata nusu sentimita, mkeka hupinda ukishonwa. Akakata kijiti cha sentimita 7 kwa kukipima kwenye ukili wa Bibi, na kila anaposuka shubiri moja anakipachika kupima.

Sanduku la kanga lilifunguliwa mbele ya warithi wote. Kanga ni mali, zinaingia katika mirathi, na kugawa "kumbukumbu" kwa wajukuu kabla ya warithi kuridhia huzua manung'uniko yanayodumu. Kila moja ilitandazwa kivulini na kupigwa picha mara tatu: nzima, pindo pamoja na mji, na jina peke yake. Alama ya mtengenezaji ukingoni husaidia kujua wakati. Yenye chapa ya Urafiki haiwezi kuwa ya kabla ya 1968, kiwanda kilipoanza; zenye "Mali ya Abdulla" zilitoka Mombasa, na mwanawe wa pili alikumbuka ni nani aliyezileta na kwa harusi ya nani. Kwa kuulizia kanga moja moja, ikapatikana orodha ya harusi na misiba karibu yote aliyohudhuria. Chini kabisa, ndani ya bahasha, kilikuwapo cheti chake cha kisomo cha watu wazima. Watoto wake hawakuwahi kukiona.

Picha mbili zilizoganda kwenye kioo cha fremu hazikubanduliwa. Picha iliyoshikwa na kioo ikivutwa huacha uso wa mtu kwenye kioo. Zilipigwa hivyohivyo, kioo kikiwa kimefutwa, kwa pembeni kidogo ili mwanga usirudi.

Cheti cha kifo: taarifa hutakiwa ndani ya siku 30, na familia ilikwisha kuipeleka kwa kibali cha mazishi cha mtendaji wa kijiji. Waliochelewa wasikate tamaa, husajiliwa kwa utaratibu wa waliochelewa.

Baada ya swala ya Ijumaa, kaburini. Magugu yaling'olewa kwa mkono. Udongo umeshuka upande wa kichwani, jambo la kawaida katika mchanga wa pwani, ukajazwa na kushindiliwa kwa miguu pembezoni tu. Wajukuu walitaka saruji imwagwe wiki hii. Haifai. Ardhi bado inakaa, na vuli ikinyesha juu ya saruji mpya itapasuka katikati. Imamu naye ameridhia kingo fupi na jiwe la jina tu, bila kujenga juu. Kazi hiyo ingoje mpaka masika yapite, Juni. Mchanganyiko ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, na mchanga uwe wa mtoni. Wa ufukweni upo hatua chache na ni wa bure, lakini chumvi yake hula nondo na kutoa ukungu mweupe usiokwisha.

Jumamosi. Hitma

Misahafu ya juzuu thelathini ilihesabiwa na kuandikwa namba za karatasi. Wasomaji walikuwa kumi na watano, kila mmoja juzuu mbili. Bila namba, juzuu moja husomwa na wawili na nyingine haisomwi, na hakuna anayejua. Ubani ukafukizwa, Yasini, kisha dua, ambamo Bibi alitajwa kwa jina lake na la mama yake.

Pilau ilipikwa katika masufuria mawili, kilo kumi na mbili na nusu kila moja. Sufuria moja kubwa ya kilo 25 huunguza chini na kuacha juu mchele mbichi, haijalishi mpishi ni nani. Mchele ulilowekwa nusu saa. Vitunguu vikakaangwa mpaka kahawia iliyokolea, maana rangi ya pilau yote hutoka hapo. Saumu na tangawizi, nyama iliyochemshwa, viungo, viazi, kisha supu. Supu na maji kwa pamoja lita 17 hivi kwa kila sufuria, kwa kuwa mchele umeshakunywa. Yakikaukia karibu na uso wa mchele, moto ukavutwa chini na makaa yakapaliwa juu ya mfuniko, dakika arobaini bila kufunua. Watu walihesabiwa kwa sinia, watano kwa sinia moja.

Sahani zikiwa zinarudi, watani wakaingia. Mmoja alijifunga kanga namna ya Bibi, ncha moja mabegani, akatembea kama yeye na kuuza mkeka kwa mteja msumbufu. Wazee walicheka mpaka machozi, na baadhi yalikuwa machozi kweli. Kwa ruhusa yao yamerekodiwa yote. Rekodi ya sauti ya Bibi mwenyewe haipo, na hapana aliyeiga mkato wake wa maneno kwa usahihi kuliko yule mtani. Familia ikatoa haki yao, wakaondoka.

Jumapili. Kunakili na kurudi

Rekodi zimenakiliwa mara tatu kabla ya basi: kadi moja kwa mwalimu wa madrasa kijijini, moja Tanga mjini, moja Dar es Salaam. Daftari la awali limebaki kijijini ndani ya bati la biskuti, juu ya kabati, mbali na sakafu yenye mchwa. Kuandika yaliyosemwa kumegawanywa kwa watu watatu, na mwisho wake ni mwezi mmoja, wakati waliokuwepo bado wanazitambua sauti na wanaweza kuulizana neno lisilosikika.

Mkeka utafikishwa kwa mwenyewe ukiisha. Kingo za kaburi ni Juni. Amebaki binamu wa Bibi ambaye miguu haikumruhusu kuja. Yuko Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, na inasemekana ndiye aliyekuwa naye siku ya kwanza alipofundishwa kusuka. Aendewe kabla vuli haijaharibu barabara, kwa kivuko cha asubuhi, na atakayekwenda achukue shazia.